Baridi yabisi na chakula, Wachina wanasemaje?

SWALI: Dokta, nina baridi yabisi, asubuhi vidole vinakakamaa hata kifungo cha shati sifungi. Tabibu wa Kichina kaniambia niache vyakula vya baridi na vibichi, inasaidia kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwao ugonjwa huo ni bi, yaani upepo, baridi na unyevu vimeziba njia za mwili, na wengu ndo wanaouona mpishi wa chakula, ukiupa vya baridi kila siku unachoka na unyevu unajaa, ndo maana wanasisitiza supu na uji wa moto. Ila viungo vikivimba na kuwaka moto, tangawizi na pilipili wanakataza. Jaribu tu, lakini dawa za hospitali usiache, kinga yako inashambulia viungo na supu peke yake haiizuii. Na mzizi wa lei gong teng, mmea ambao Wachina wanautumia kutibu ugonjwa huu, usiuguse kiholela, una sumu kali!