Kwa nini kichwa cha treni cha dizeli kimebeba jenereta?

SWALI: Assalamu alaykum, injinia. Mimi ni fundi wa jenereta hapa Chake Chake. Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, nikarudi na hamu ya kuzijua treni. Nimetazama video ya treni ya makaa ya mawe ya Marekani: mabehewa zaidi ya mia, vichwa vitatu tu vinavuta. Nikasoma kuwa ni vya dizeli, lakini injini haigusi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme ndio unaoendesha mota. Kwa nini wasifunge giaboksi, maana umeme ukipita njia ndefu hupotea? Na vichwa vitatu vinawezaje mzigo ule?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kuhusu hasara uko sawa. Baina ya shafti ya injini na gurudumu, kiasi cha asilimia 15 ya nguvu huishia kuwa joto. Wenye kuviunda vichwa hivi wanalijua hilo na wamelikubali, kwa sababu giaboksi na klachi yake zingewatia taabu kubwa zaidi.

Fikiria fuso imepakia saruji bandarini Mkoani, inapanda kile kilima. Dereva akikosea kuondoka, unasikia harufu ya klachi kabla gari halijasogea. Injini ya dizeli haina nguvu ikiwa imesimama. Lazima iwe inazunguka ndipo ivute, kwa hiyo kitu fulani kiteleze mpaka gurudumu liifikie. Vichwa vya mvuke, kama vile vya reli yetu ya zamani ya Bububu, havikuwa na shida hii: mvuke unaisukuma pistoni hata treni ikiwa imesimama. Sasa chukua injini ya nguvu za farasi 4,400, kama ya kichwa aina ya ES44AC cha General Electric, silinda 12, uipe tani elfu kadhaa za kuondoa. Klachi gani itastahimili? Mota ya umeme ndiyo inayorudisha tabia ya mvuke: inavuta kwa nguvu zake zote tangu gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Kuna jambo jengine utalifurahia kwa kazi yako. Jenereta unazozitengeneza hufungwa kwenye mzunguko mmoja, 1,500 kwa dakika, zisipoteze hezi 50. Injini ya treni haina kifungo hicho. Umeme wake kwanza hunyooshwa kwa daiodi ukawa wa mkondo mmoja (DC), kisha invata huukata na kuujenga upya kuwa wa fezi tatu, kwa hezi yoyote ambayo mota inaitaka wakati huo. Kwa hiyo dereva ana mkono wa mafuta wenye hatua 8. Kwenye tambarare anaishusha injini izunguke polepole, na mafuta yanabaki tangini.

Nije kwenye vichwa vitatu, na hapa ndipo penye utamu. Usitazame farasi, tazama mshiko. Fuso ya tani 15 huwa na farasi zaidi ya 10 kwa kila tani. Treni ya tani 15,000 yenye vichwa vitatu haina hata farasi mmoja kwa tani. Inatembea kwa sababu chuma juu ya chuma hakili nguvu. Lakini wepesi huohuo ndio unaofanya gurudumu la kichwa lipige tupu.

Tupige hesabu. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, tani 15,000 zinarudi nyuma kwa uzito wa tani 150. Ongeza kiasi cha tani 20 za msuguano, 170. Kichwa kimoja kina uzito wa karibu tani 190. Vya zamani, vyenye mota za mkondo mmoja, viliweza kugeuza kiasi cha asilimia 20 ya uzito huo kuwa mvuto wa kutegemewa. Vitatu vingetoa tani 114, na treni ingegoma. Vya sasa, vyenye mota za fezi tatu, vinafika thuluthi nzima: vitatu vinatoa 190, na treni inapanda. Mwaka 1993 kampuni ya Burlington Northern ya Marekani ilipoanza kununua vichwa vya fezi tatu vya SD70MAC kwa makaa ya jimbo la Wyoming, vitatu vilichukua kazi ya vitano vya aina ya zamani ya SD40-2.

Tafauti imo kwenye mota. Ile ya mkondo mmoja, gurudumu likiteleza, huzidi kukimbia hadi reli inachimbika. Ya fezi tatu inafuata uga wa sumaku unaozunguka. Ikitaka kuupita uga, mvuto wake unaanguka wenyewe, na gurudumu linashika tena. Kompyuta inauchunga mtelezo uwe mdogo sana, kwa sababu mshiko bora kabisa hupatikana gurudumu likiteleza kidogo tu, na mchanga mkavu humwagwa mbele yake pakihitajika. Tena mlimani treni ile inakwenda kwa mwendo wa baskeli. Mota ya zamani ingeungua kwa kuvuta sana polepole namna hiyo. Hii ya fezi tatu haina brashi wala komyuteta, zile sehemu zinazosuguana kupeleka umeme ndani ya mota, na inastahimili.

Kwa kawaida vichwa vyote haviwekwi mbele. Vikiwekwa mbele vyote, ndoana za mabehewa ya kwanza zinabeba mvuto wote na zinaweza kukatika, kwa hiyo kimoja au viwili hukaa nyuma, vikisukuma kwa amri ya redio kutoka kwa dereva. Kwenye mteremko mota hugeuzwa kuwa jenereta, na umeme wake unachomwa kwenye rezista zinazopozwa kwa feni, ili breki za magurudumu zisiungue.

Ama kwa nini wasitandaze nyaya kama reli uliyoipanda: nyaya na vituo vya umeme vya kilomita elfu moja ni gharama nzito. Jirani zetu Msumbiji wanayatoa makaa ya Moatize, yanapita Malawi hadi Nacala, kilomita 912, kwa dizeli.

Ukitaka kuiona invata kwa macho, huna haja ya kwenda Wyoming. Fungua kiyoyozi cha invata kwenye hoteli yoyote: daiodi, kapasita, na swichi sita za kujenga fezi tatu za kompresa. Ni mpangilio uleule kwa udogo. Lakini zima umeme, usubiri dakika kadhaa, na upime kapasita kwa mita kabla hujaingiza mkono.