Spishi mpya: ina miguu au ana miguu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya upili hapa Kisumu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameandika makala ya jarida la shule kuhusu isopodi wa bahari kuu, mnyama wa jamii ya kaa na kamba, yule mkubwa aliyepewa jina la Bathynomus vaderi. Sentensi zake zimeniingiza katika mabishano na mwenzangu wa Kiswahili. Kijana ameandika hivi: "Spishi mpya ya isopodi amevumbuliwa Vietnam. Ina miguu kumi na nne na anaishi kina kirefu. Wanasayansi walimweleza mwaka 2025 baada ya kielelezo mmoja kununuliwa kwa wavuvi." Mwenzangu anashikilia kwamba kila kitu hapo kiwe A-WA kwa kuwa tunazungumzia mnyama. Mimi "spishi ana" inanikataa masikioni. Nani yuko sawa? Tena kijana huyo huyo ameuliza mbona kitabu cha zamani cha maktaba kina Tilapia nilotica na kipya kina Oreochromis niloticus, ilhali samaki ni yule yule. Hilo nalo ni la lugha, au tuwaachie wanabaiolojia?

JIBU: Mwalimu, masikio yako hayakukudanganya. Spishi ni nomino ya ngeli ya I-ZI: spishi hii ina, spishi hizi zina. Mwenzako naye amesema kweli kwamba mnyama ni wa A-WA, ila spishi si mnyama. Spishi ni kundi lenye jina. Tunasema ukoo umetawanyika, kabila limehama, kikosi kimefika, wala hatusemi kabila amehama kwa sababu tu ndani yake mna watu. Neno isopodi, kwa upande wake, linamtaja mnyama mwenyewe, kwa hiyo ni isopodi huyu, isopodi hawa, isopodi mkubwa, isopodi wa bahari kuu. "Isopodi kubwa" na "isopodi ya Vietnam" ni makosa ya aina ile ile ya "samaki kubwa" na "samaki ya Homa Bay".

Kwa hiyo kijana wako ana majina mawili katika sentensi moja, na kila jina lina upatanisho wake. Shida yake ni kwamba ameyachanganya: ameanza na spishi akaipa a-, kisha akaja kwa mnyama akampa i-. Amebadilishana vitu viwili ambavyo Kiswahili kinavitenganisha vizuri sana, na ambavyo sayansi yenyewe inahitaji vitenganishwe. Mfundishe ajiulize kila anapofika kwenye kitenzi: jambo hili linampata mmoja, au linalipata kundi?

Chukua mfano wa hao hao isopodi wakubwa. Mmoja aliyefugwa katika akwariamu ya Toba, Japani, alikaa zaidi ya miaka 5 bila kula, akafa Februari 2014. Aliyesusa chakula ni mnyama mmoja. Huwezi kusema spishi ilisusa kula. Lakini spishi inaweza kuenea, inaweza kupewa jina, inaweza kutoweka, na hayo hayasemwi juu ya mnyama mmoja anayetambaa juu ya matope ya bahari.

Ziwani kwetu tofauti hii ina uzito wa kweli. Ukiandika "fulu wengi waliliwa na mbuta" (mbuta ndiye sangara), umesimulia jambo la kila siku, samaki mkubwa kumla mdogo. Ukiandika "spishi nyingi za fulu zilitoweka baada ya mbuta kuongezeka", umesimulia msiba wa Ziwa Victoria zima. Fulu wengi wanaweza kuliwa leo na spishi ikabaki. Upatanisho wa wa- na ule wa zi- ndio unaomwambia msomaji ni habari gani anapewa, na mwanafunzi wa baiolojia asiyeuheshimu ataandika kitu kingine kabisa na kile alichokusudia.

Sasa nije kwenye neno ambalo ninyi wawili hamkulibishania, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: "walimweleza".

Kitenzi eleza humchukua yule anayeambiwa. Nilimweleza mama habari za safari. Mwalimu alitueleza sababu. Kwa hiyo "wanasayansi walimweleza isopodi" maana yake ya kwanza, kwa msomaji yeyote wa Kiswahili, ni kwamba walimwambia isopodi jambo. Hata kauli ya kutendwa haiokoi: "isopodi aliyeelezwa mwaka 2025" ni isopodi aliyepewa habari mwaka huo. Wapo watakaokimbilia kuelezea, maana siku hizi kimekuwa kitenzi cha kila mahali, lakini "walimwelezea" inasomeka vivyo hivyo. Utata unakwisha pale tu unapoirudisha spishi mahali pake: wanasayansi waliieleza spishi hiyo, spishi iliyoelezwa mwaka 2025. Kile kiambishi cha mtendwa, -i- badala ya -m-, kinafanya kazi yote. Kama mwandishi anataka kumtaja mnyama kwa jina, basi aandike "walitoa maelezo rasmi ya isopodi huyo". Mimi napenda zaidi hii ya pili, kwa sababu neno rasmi linambeba msomaji hadi kwenye kazi yenyewe ilivyo.

Na kazi hiyo si ya kusimulia tu umbo la mnyama. Mtaalamu hupima mwili, huhesabu miiba iliyo ukingoni mwa bamba la mkia, huchora miguu na sehemu za mdomo moja moja, kisha hulinganisha yote hayo na spishi zilizokwisha kujulikana. Halafu huchagua kielelezo kimoja kiwe ndicho kishikilia jina daima, kinachoitwa holotaipu, na kukiweka katika hifadhi ambako wataalamu wengine wataweza kukichunguza. Maelezo yakichapishwa kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, jina linasimama. Ndiyo maana mwaka 2025 una maana katika makala ya kijana: maelezo ya Bathynomus vaderi yalichapishwa Januari mwaka huo katika jarida la ZooKeys, ingawa vielelezo vilinunuliwa mwaka 2022 katika mji wa Quy Nhon, pwani ya Vietnam. Wavuvi walikuwa wakiwavua na kuwauza isopodi hawa kwa chakula kabla ya hapo.

Hilo linaniamulia pia juu ya "amevumbuliwa". Kuvumbua, katika matumizi ya sasa, kumeelemea mno upande wa kubuni kitu ambacho hakikuwapo, kama mashine. Mnyama alikuwapo. Kugundua kunafaa, mradi useme kilichogunduliwa: wanasayansi waligundua kwamba isopodi wale walikuwa wa spishi tofauti. Mnyama mwenyewe walioanza kumfahamu ni wavuvi, na ni haki makala iseme hivyo.

"Kielelezo mmoja" nadhani kimetokana na shauri la mwenzako la A-WA kila mahali. Kielelezo ni KI-VI, hata kama kilichomo ndani ya chupa ya spiriti kilikuwa na uhai: kielelezo kimoja kilinunuliwa, vielelezo vimehifadhiwa. Lakini angalia, ukirudi kumwita isopodi, anarudi A-WA hata akiwa amekufa: isopodi aliyehifadhiwa, isopodi waliopimwa. Kifo hakimtoi mnyama katika ngeli yake. Ndivyo ilivyo kwa samaki pia. Ukifika ufuo wa Dunga hapa Kisumu na samaki wako mezani, amekwisha kukaangwa na ugali uko pembeni, Kiswahili sanifu bado kinamwita samaki wa kukaanga, naye ameiva, tena ni mtamu. Najua kwamba katika mazungumzo yetu ya Kisumu na Nakuru utasikia zaidi "samaki ya kukaanga" na "kuku ya kienyeji", na "hii omena ni ya pesa ngapi". Ni Kiswahili cha mazungumzo cha bara, kina mpango wake, na muuza omena hana haja ya kusahihishwa akiwa kazini. Jarida la shule ni mahali pengine. Hapo omena, yaani dagaa, wamekaushwa, na ngege, yaani tilapia, ni wakubwa.

Jambo moja dogo: miguu kumi na minne, si kumi na nne, kwa sababu nne hupatana na miguu. Akitaka kulikwepa, aseme jozi saba, maana saba haibadiliki. Tena jozi saba ni bora kibaiolojia, kwani mtoto wa isopodi hutoka katika kifuko cha mama yake akiwa na jozi sita tu, na ya saba huota baadaye.

Ningependa pia asimwite isopodi mdudu, kama nionavyo katika makala nyingi za namna hii. Katika usemi wa kawaida mdudu ni neno pana, lakini somoni mdudu ana miguu sita. Huyu ni krasteshia, ndugu wa kaa na kamba. Akitaka kutia chumvi kidogo amwite dudu, au jitu la baharini, ajue kwamba ukubwa huo huja na upatanisho wake: jitu lile linakula mizoga, majitu yale yanakula mizoga. Ni uhuru unaoruhusiwa, ila asianze aya na jitu linalokula akaimaliza na jitu anayelala.

Aya yake, nikiishika mimi, ingekuwa hivi: "Spishi mpya ya isopodi wa bahari kuu ilielezwa rasmi mwaka 2025 kutokana na vielelezo vilivyonunuliwa kwa wavuvi nchini Vietnam. Isopodi huyu ana jozi saba za miguu, anaweza kufikia urefu wa sentimita 32.5 na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kama isopodi wengine, hujivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, kisha nusu ya mbele." Sentensi ya kwanza ni ya spishi, kwa hiyo ilielezwa. Ya pili na ya tatu ni za mnyama.

Swali la kijana kuhusu Tilapia nilotica ni la lugha, na nimelifurahia kupita kiasi, kwa sababu jibu lake ni upatanisho wa kisarufi. Majina ya kisayansi hufuata sarufi ya Kilatini, na Kilatini kina makundi ya nomino: ya kiume, ya kike na yasiyo ya upande wowote. Neno la pili likiwa ni sifa, ni lazima lipatane na jenasi iliyolitangulia, yaani neno la kwanza linalotaja kundi la spishi za karibu. Tilapia hutumika kama nomino ya kike, ndipo ikawa nilotica, yaani wa Nili. Wataalamu walipomhamishia samaki huyo katika jenasi ya Oreochromis, ambayo ni ya kiume, mwisho wa sifa ukageuka ukawa niloticus. Ni jambo ambalo mtoto aliyekua na mtu mzuri, kiti kizuri, embe zuri hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mwonyeshe na ngege wetu wa asili. Michael Graham alipochunguza uvuvi wa Ziwa Victoria miaka ya 1927 na 1928 alimpa jina la Tilapia esculenta, sifa yenye maana ya kuliwa. Leo ni Oreochromis esculentus, na vitabu huandika (Graham, 1928) ndani ya mabano. Mabano hayo yana maana: yanasema Graham aliitaja spishi chini ya jenasi nyingine. Lakini baada ya Bathynomus giganteus, isopodi mwingine mkubwa, mwandike aliyempa jina, Alphonse Milne-Edwards, pamoja na mwaka 1879, bila mabano, kwa kuwa jina hilo halijahama. Mwanafunzi anayeweka mabano kwa kupamba, au anayeyaondoa kwa kusafisha, amebadilisha habari.

Kuna maneno ya pili ambayo hayapatani na chochote. Bathynomus raksasa, aliyetajwa mwaka 2020 kutoka karibu na Java, ana neno la Kiindonesia lenye maana ya jitu; ni nomino iliyowekwa kando ya nomino, kwa hiyo haigeuki. Vaderi nayo imetokana na Darth Vader, mhusika wa filamu ambaye kofia yake inafanana na kichwa cha isopodi huyu. Ile -i ya mwisho ni ya umilikaji, "wa Vader", na hutumika kwa jina la mwanamume. La mwanamke lingechukua -ae. Kumbuka pia kwamba jenasi huanza kwa herufi kubwa, neno la pili kwa ndogo hata likiwa limetokana na jina la mtu, na yote mawili huandikwa kwa mlazo, au hupigiwa mstari katika daftari. Siku moja wataalamu wakiwahamishia isopodi hawa katika jenasi ya kike, giganteus itageuka iwe gigantea, lakini vaderi itabaki vaderi.