Usitie maji ya kisima kwenye seramu ya nano, hata uyachemshe vipi

Dadangu, usimimine hayo maji. Soma hapa kwanza.

Umeandika kwamba unataka kutengeneza seramu ya uso ya nanoemulsheni (mafuta yaliyokatwa vitone vidogo mno ndani ya maji) yenye manjano, chai ya kijani na mafuta ya karafuu, uiuze Kisauni na mtandaoni. Mashine ni blenda ya mkono, na maji ni ya kisima cha nyumbani "yaliyochemshwa vizuri". Kisha ukauliza vipimo, chupa, bei, kibali, na kama watoto wanaweza kupaka. Mimi nimekwama hapo kisimani na sitoki.

Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Chokaa, chumvi na chuma havipandi na mvuke. Maji yanapungua, vyenyewe vinabaki sufuriani: chokaa kiasi huganda kuwa ukoko, ila chumvi huzidi kukolea katika kila lita uliyobaki nayo. Na sisi Mombasa tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Kisima kinatoa chokaa, na ukisogea karibu na bahari kinaongeza chumvi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako, huo ndio ushahidi. Halafu kuna yule mwalimu wa kozi za kwenye simu anayewaambia watu ati "yakishachemka ni distiladi tu", na distiladi ni maji ya mvuke uliokusanywa na kupozwa. Tuliokula hasara kwa maneno yake tuko wengi, na ada hakumrudishia mtu hata senti. Dondoo ya chai na Tween 80 (emulsifaya, kitu kinachounganisha mafuta na maji) tulinunua kwa pesa zetu, yeye alinunua taa mpya ya kurekodia video. Sina kinyongo, nasema tu.

Kwa nini kwenye nano ni balaa kuliko kwenye losheni ya kawaida? Piga hesabu. Chukua mililita 5 za mafuta ndani ya chupa ya mililita 100. Yakiwa vitone vya mikromita 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kama krimu nyingi, ukijumlisha uso wa vitone vyote unapata mita 6 za mraba. Yakate hadi nanomita 100, yaani vidogo mara 50, unapata mita 300 za mraba. Mafuta ni yale yale, ila sasa yanagusana na maji mara 50 zaidi. Na ni hapo hapo yanapogusana ndipo chuma kilichomo majini hukutana na peroksaidi (mazao ya mafuta yanapoanza kuharibika kwa hewa) zilizomo kwenye mafuta na kuzivunja ziwe radikali huru, vipande vikali vinavyoharibu mafuta mengine. (Tween 80 nayo hujenga peroksaidi ikikaa wazi muda mrefu, kwa hiyo usinunue ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lililofunguliwa tangu mwaka juzi.) Chuma hakimaliziki kwa kufanya kazi hiyo; kikivunja peroksaidi moja kinarudia nyingine, kama hamira, chembe kidogo inaumua beseni zima. Hata chini ya miligramu 1 kwa lita inatosha kukuharibia.

Sasa sikiza kinachouma zaidi. Katekini (antioksidanti) za chai ya kijani, na vitamini C pia, hukichukua chuma kilichotulia chenye chaji ya 3+ na kukirudisha 2+, hali inayovunja peroksaidi kwa kasi zaidi. Yaani antioksidanti uliyoilipia ndiyo inayoutia moto kuni. Ukiona inabadilika rangi ukasema "niongeze dondoo", umeongeza tatizo. Na ukitumia sabuni au emulsifaya yoyote yenye chaji hasi, vitone vinakivuta chuma kije kuvikalia. Chokaa nayo huiua ile chaji, vitone vinaungana, mafuta yanaelea juu.

Huniamini? Weka vikombe viwili vya glasi kwenye karatasi nyeupe. Kimoja tia maji ya kisima, cha pili tia maji yaliyokenekwa, yaani distiladi. Kila kimoja kipe ncha ya kijiko cha dondoo ya chai ya kijani, koroga, acha mpaka kesho. Cha distiladi kitabaki njano ya kufifia. Cha kisima kikiwa na chuma kitageuka kahawia ya kiza, pengine kielekee weusi wa wino. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo hivyo, kwa tanini na chuma. Hiyo ndiyo rangi ambayo mteja atakutumia picha yake usiku.

Kabla hujaniambia "basi nitakinga maji ya AC": hapana! Najua nusu ya Nyali wanayakinga kwenye ndoo. Yanatiririka juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, na shaba kwenye kazi hii ya kuharibu mafuta haikubali kushindwa na chuma. Tena yana vijidudu. Mwagilia maua. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Nunua distiladi kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Ya betri ukikosa mengine, lakini soma chupa vizuri, maana asidi ya betri inakaa rafu hiyo hiyo. Kipimo cha TDS, kile kinachopima madini yaliyoyeyuka majini, kisome chini ya 5. Hata kikisoma 0 hakijakuhakikishia, kwa sababu chuma kidogo hakikioni.

Ndiyo maana kuna EDTA ya sodiamu, asilimia 0.1. Inakamata madini yaliyoponyoka. Iingie majini KABLA ya mafuta, iyeyuke kabisa. EDTA ni ya kufagia mabaki, haigeuzi kisima kuwa distiladi.

Vipimo kwa gramu 100, kwa kuwa uliuliza: mafuta ya MCT (mafuta mepesi yatokanayo na nazi) 4.4, vitamini E 0.3, mafuta ya karafuu 0.3, Tween 80 gramu 10, fenoksiethanoli (ya kuzuia vijidudu) 0.9, EDTA 0.1, dondoo ya chai 0.2, yaliyobaki ni maji. Karafuu isivuke 0.5, eujenoli iliyomo huchoma, na usiitumie peke yake kama mafuta, kwa maana inayeyuka kidogo majini na vitone vidogo vinamezwa na vikubwa. Kurkumini, ile rangi ya manjano, miligramu 10 hivi, tena dondoo safi. Unga wa manjano wa soko la Marikiti ni wa pilau, utakaa chini kama mchanga. Chai huyeyuka majini, haihitaji nano yoyote, hapo umeuziwa jina tu.

Pasha mafuta, vitamini E, kurkumini na Tween mpaka nyuzi 50, acha vipoe, ndipo utie karafuu. Dondosha taratibu kwenye maji yanayozungushwa na kikorogeo cha sumaku. Ikifaulu, ukiiinua kwenye mwanga unaona mpaka ng'ambo. Ikiwa nyeupe kama tui, vitone ni vikubwa. Blenda ya mkono weka kando, inaingiza hewa na povu na haifiki nano. Malizia na fenoksiethanoli, kisha asidi ya sitriki mpaka pH 5. Sufuria za alumini na chuma zisisogee hapo. Glasi au stili isiyoshika kutu. Inanata kidogo kwa sababu ya Tween, ndivyo ilivyo. Chupa ya kahawia, ijae mpaka shingoni.

Kibali kawaulize KEBS, shirika la viwango la Kenya, wenyewe, usiulize jukwaani.

Kabla ya kuuza hata moja, tengeneza mbili, moja ya kisima na moja ya distiladi yenye EDTA, ziweke kwenye nyuzi 40 kwa miezi 3. Nusa kila wiki. Ile ya kwanza kutoa harufu ya karanga kuukuu usiifunike kwa manukato, kwani mafuta yaliyokwisha kuoksidika ndiyo yanayowasha ngozi. Ukipata majibu weka picha za chupa zote mbili hapa.