Shata kwa dirisha lipi? Niliyojifunza nikiweka za kwangu Bugembe

Sebule yetu hapa Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, inaangalia magharibi. Ikifika saa kumi jioni jua linaingia moja kwa moja, linapita juu ya meza ya chakula na kwenda kutua kwenye kiti anachokipenda mama mkwe wangu. Kwa miaka mitatu alihama kiti kila jioni bila kulalamika, nami nikivuta pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Pazia likishafungwa hewa inakatika, chumba kinakuwa giza, tunawasha taa saa kumi na moja na nje bado ni kweupe. Joto na giza kwa pamoja, na umeme unaliwa. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, jioni mimi nitakuwa nakaa barazani tu." Maneno hayo yaliniuma. Kesho yake nikaanza kuulizia bei za shata.

Nazungumzia zile kombe za mbao, yaani vilango vya dirisha, zenye vibao vyembamba vilivyolala, unavyoweza kuvigeuza upendavyo, vikaziba jua na kuacha upepo upite. Si kitu kigeni kwetu. Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, na tukitumwa mjini nilizoea kuinua macho kutazama majengo ya zamani ya Wahindi kwenye Main Street, duka chini na makazi juu, ambapo baadhi ya madirisha yalikuwa bado na kombe zake za mbao. Anayefika Mombasa, Lamu au Unguja ataziona nyingi zaidi, maana kule watu wamekaa nazo vizazi na vizazi: aliye ndani anaona barabara, aliye barabarani hamwoni. Waliozijenga walikuwa na joto kama sisi, na hawakuwa na feni.

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilitaka shata za nyumba nzima. Nilihesabu madirisha tisa, nikapeleka hesabu kwa fundi, nikaletewa bei iliyonifanya nikae chini. Namshukuru Mungu hela hazikutosha, kwa sababu kati ya hayo tisa, yaliyohitaji shata yalikuwa manne tu.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Jinja iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Adhuhuri jua letu liko karibu na utosi mwaka mzima. Mwezi wa Juni linaelemea kaskazini, Desemba linaelemea kusini, lakini hata likiegemea kabisa bado liko juu sana saa sita mchana. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini hulindwa na paa lenyewe. Bati likitoka sentimita 60 nje ya ukuta, kivuli chake saa sita hushuka zaidi ya mita moja na robo. Dirisha la namna hiyo pazia jepesi linalitosha kabisa. Taabu iko mashariki na magharibi. Asubuhi na jioni jua liko chini, linapita chini ya paa na kukutazama usoni, na hakuna bati litakalolizuia isipokuwa uongeze baraza. Huko ndiko vibao vya kugeuza vinapofanya kazi ambayo pazia haliwezi: ukishusha ncha zake za nje, vikalala kama bati la paa, jua linagonga mbao na kubaki nje, mwanga unaodunda kutoka ardhini unaingia, na upepo hauna wa kuuzuia.

Basi kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, kaa na madirisha yako siku moja nzima. Mimi nilifanya hivyo Jumapili, nikaandika kwenye daftari la mtoto: dirisha fulani, jua limeingia saa ngapi, limetoka saa ngapi, limefika wapi sakafuni. Daftari lile liliniokolea pesa nyingi kuliko punguzo lolote nililowahi kuomba.

Swali la pili ni ndani au nje. Kwa kuzuia joto, nje ni bora, na sababu yake ni rahisi: jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia nyumbani. Shata ya ndani inalikamata kwa kuchelewa, mbao zenyewe zinapata moto na kuutoa chumbani. Ya nje inalizuia kabla halijagusa kioo. Lakini nyumba nyingi za Uganda zina madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, na ndani yake vyuma vya kuzuia wezi. Ukiweka kombe nje, dirisha halifunguki. Ukitaka za nje lazima dirisha liwe la kusukuma kando, kama haya ya aluminiamu, au lifunguke kwa ndani. Kama ndiyo kwanza unajenga na bado hujaagiza madirisha, tafadhali lifikirie jambo hili sasa hivi, kabla fundi wa kuchomelea hajaanza kukata vyuma. Mimi nilikuwa nimeshachelewa, nikaweka za ndani, nikazipaka rangi nyeupe ya maziwa ili zirudishe mwanga mwingi nje kadiri inavyowezekana. Zinasaidia, na sana. Lakini kama ningejenga upya, upande wa magharibi ningeweka za nje.

Sasa vipimo, na hapa niliumia. Fundi wa kwanza alikuja na futikamba, akapima upana na urefu mara moja moja, akaondoka. Hakupima kina. Vibao nilivyochagua vilikuwa vipana, milimita 89, kwa sababu nilipenda vinavyoonyesha nje vikifunguka. Kibao cha upana huo kikilala, karibu nusu yake inatokeza nyuma kuelekea kioo. Siku ya kufunga, nikashika fimbo ya kugeuzia vibao nikaivuta taratibu, vibao vikaanza kufunguka vizuri, halafu nikasikia *ko*. Kibao cha nne kutoka chini kilikuwa kimegonga mkono wa dirisha, ule wa chuma wa kufungulia. Vingine vyote vikasimama hapo hapo, maana fimbo ni moja. Nikajaribu tena, *ko*, na rangi nyeupe ikabanduka pembeni ya kibao, mbao ikaonekana. Ilibidi shata yote ishushwe, ikatengenezwa fremu nyingine nene ya kuisogeza kuelekea chumbani, na gharama ile nililipa mimi.

Kwa hiyo pima hivi. Upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Urefu vilevile, kushoto, katikati na kulia. Pima na mishazari yote miwili, kona hadi kona. Zikitofautiana, uwazi wa dirisha lako umepinda, na kuta zetu nyingi zimepinda kwa sababu ya lipu. Dirisha langu la sebuleni lina milimita nane zaidi juu kuliko chini, na kwa macho huwezi kujua. Halafu pima kina, kuanzia kitu kinachotokeza zaidi, iwe mkono wa dirisha au chuma cha mwizi, hadi ukingo wa ukuta wa ndani. Kina kikiwa kidogo, chagua vibao vyembamba vya milimita 63 hivi, au fremu inayobandikwa juu ya ukuta badala ya kuingia kwenye uwazi.

Kuhusu mbao nitakuwa mrefu kidogo, maana ndiko watu wengi wanakopotezea pesa. Shata ina vipande vingi vyembamba vinavyotegemea kuzunguka bila kukwama. Mbao mbichi ikikaukia ndani ya nyumba yako itasinyaa na kujipinda, na shata iliyopinda hata nusu sentimita haifungi tena. Za kwanza zilitengenezwa Aprili, mvua zikinyesha, kwa mbao zilizotoka kwenye lori wiki hiyo hiyo. Zilipendeza mpaka Desemba. Kiangazi kilipofika Januari, kati ya kombe mbili ukawa unapitisha kidole, na vibao viwili vikachomoka vyenyewe.

Fundi wa pili, mzee mmoja niliyeelekezwa na rafiki, alinifundisha zaidi kwa kimya chake kuliko kwa maneno. Alichukua ubao, akauinua kwa mkono mmoja kusikia uzito, kisha akauweka shavuni. Akanipa na mimi. Ulikuwa wa baridi kama chupa ya soda. "Mama, huu bado unakunywa maji," akasema, akaurudisha. Akachukua mwingine wa ukubwa uleule, mwepesi, shavuni hausikii baridi yoyote. Mbao zangu alizipasua nene kidogo kuliko zilivyotakiwa, akazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, akaniambia nirudi baada ya miezi. Nilirudi. Fundi atakayekuahidi shata za mbao kwa siku nne, muulize mbao zimekaa wapi na tangu lini.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Mvule hauchezewi na mchwa na hudumu, lakini ni mzito, ni ghali, na ni mti uliokatwa mpaka ukaadimika. Mimi sikuutaka kwa ajili ya vibao vya dirisha. Mahogani inafanya kazi nzuri na inapendeza kwa vanishi. Musizi ni mwepesi na unakubali randa, ila bila dawa wadudu watakushukuru. Paini iliyokaushwa vizuri inatosha kwa shata za ndani za kupaka rangi, na ndiyo niliyotumia, ila chagua zisizo na macho mengi, yale mafundo ya matawi, kwa sababu kwenye macho hutoka utomvu unaotia doa hata juu ya rangi. Mkalitusi nauogopa kwa vipande vyembamba, unapenda kujipinda.

Bafuni na jikoni usiweke mbao, wala zile mbao za unga ulioshindiliwa, hizo zikinywa mvuke zinavimba na hazirudi tena. Weka plastiki, lakini kombe zisiwe pana sana maana plastiki ni nzito na hulegea. Aluminiamu waachie wanaoweka nje.

Fimbo ya kugeuzia nakushauri iwe ile inayoonekana mbele. Kuna za kisasa zilizofichwa ndani ya fremu, na ni nzuri kwa macho, lakini kifaa kidogo cha ndani kikivunjika utakitafuta Jinja hadi Kampala. Fimbo ya mbele fundi yeyote anaitengeneza kwa pini na nyundo. Faida nyingine ni kwamba shata hazina kamba zinazoning'inia. Mwenye mtoto anayetambaa anajua kwa nini nasema hivyo. Kamba ya pazia inaweza kumnyonga mtoto, na haihitaji dakika nyingi.

Kuna mambo ambayo shata haifanyi, na wauzaji hawayasemi. Haizuii mbu. Vibao vikiwa wazi mbu anapita anavyotaka, kwa hiyo wavu lazima ubaki, na upangwe kabla ya shata: kutoka nje kuja ndani ni dirisha, vyuma, wavu, kisha shata. Wavu uwe kwenye fremu yake inayofunguka, la sivyo hutaufikia mkono wa dirisha. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tuna pia wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi wakifuata taa. Shata zikifungwa mapema taa haionekani sana nje, na wanapungua kidogo, lakini ni wavu unaowazuia kweli. Wala shata ya ndani si ulinzi dhidi ya mwizi, vyuma usivitoe. Ila katika kila chumba cha kulala hakikisha kuna sehemu moja ya vyuma inayofunguka kwa ndani, na ufunguo unajulikana ulipo na wote wanaolala humo. Ukishaongeza wavu na shata juu ya vyuma vilivyochomelewa, moto ukizuka mtu atatokea wapi? Hili nalisema kwa uzito wote.

Vumbi, ndiyo, lipo. Barabara yetu ni ya murram, haina lami. Nafuta kila Jumamosi kwa soksi ya zamani yenye unyevu niliyoivaa mkononi, kibao kimoja kimoja, dakika kumi kwa dirisha. Vibao vipana vina kazi ndogo kuliko vyembamba.

Na kama nyumba yako imebanana na ya jirani, omba kombe ziwe za ghorofa mbili, za chini na za juu zikifunguka kila moja peke yake. Unafunga za chini watu wasikuone, unaacha za juu wazi mwanga uingie. Sebuleni kwangu ziko hivyo. Saa kumi jioni mama mkwe yuko kwenye kiti chake, mistari ya mwanga imelala kwenye sakafu mbele ya miguu yake, na taa tunawasha saa moja kasoro.

Yamebaki madirisha mawili ya chumba cha watoto, yanayoangalia mashariki, ambako jua la saa moja asubuhi linawaamsha hata siku ya mapumziko. Zamu yao ni Julai. Mbao zao ziko kwa yule mzee, zimepangwa kivulini na vijiti katikati tangu Februari, na juzi nilipopita niliziweka shavuni.