Umaarufu wa programu za Linux: kwanza uliza kilichohesabiwa

Kwa miaka kadhaa nilichagua programu za Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwa njia moja tu: nilitafuta orodha ya zile maarufu, nikasakinisha iliyokuwa juu. Mara nyingi njia hiyo ilinifaa, mpaka siku nilipochukua programu ya kusikilizia muziki iliyokuwa ikitajwa kila mahali, nikatumia majuma mawili kupanga albamu na kuzipa nyimbo nyota, ndipo nikagundua kwamba toleo lake la mwisho lilikuwa na umri wa miaka minne. Nilipohama, nilihama na nyimbo zangu. Nyota zote zilibaki ndani ya hifadhidata ya programu ile.

Siilaumu orodha. Mimi ndiye niliyeisoma bila kuuliza ilikuwa imehesabu nini.

Takwimu ninazoziamini zaidi ni za Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, zinazokusanywa kwa kifurushi (programu iliyofungwa tayari kusakinishwa) kiitwacho popularity-contest. Mtumiaji huulizwa kama anataka kushiriki, na akikubali, kompyuta yake hutuma kila wiki orodha ya vifurushi ilivyo navyo. Ubora wake ni kwamba waliosakinisha programu huhesabiwa mbali na wale wanaoitumia mara kwa mara, kwa kuangalia mafaili yake yalifunguliwa lini kwa mara ya mwisho. Nilipoendesha amri yenye jina hilo hilo kwenye kompyuta yangu, bila kutuma chochote, vifurushi vilijipanga kuanzia vilivyotumika karibuni, na kadiri nilivyoshuka ndivyo neno OLD lilivyozidi kujitokeza mwishoni mwa mistari, yaani kifurushi kipo lakini hakijaguswa kwa zaidi ya mwezi. Humo nilikuta programu ya barua pepe ambayo sijapata kuifungua hata siku moja, iliyoingia pamoja na GNOME, yaani madirisha na menyu ninazotumia kwenye skrini. Kama ningetuma orodha ile, katika safu ya waliosakinisha nami ningekuwa mmoja wa wapenzi wake!

Ndiyo maana ninashauri usilinganishe programu inayokuja na mfumo na ile ambayo mtu lazima aitafute mwenyewe. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, iliiondoa GIMP, programu ya kuhariri picha, katika programu zake za msingi kwenye toleo la 10.04, mwaka 2010. Mwaka uliofuata, toleo la 11.04 likaweka Banshee mahali pa Rhythmbox, zote mbili zikiwa programu za muziki, kisha 12.04 likairudisha Rhythmbox. Uamuzi wa aina hiyo huzipa programu watumiaji wengi au kuwapunguza bila mtumiaji mwenyewe kusema neno. Ukitaka kujua watu wanapenda nini, linganisha zile ambazo zote mbili zinahitaji kutafutwa, kama vile Krita na Inkscape, programu za kuchorea, pale ambapo kazi zao zinakaribiana.

Kuhusu DistroWatch, tovuti inayoorodhesha mifumo ya Linux, inatosha kukumbuka kwamba mpangilio wake hutokana na idadi ya wanaofungua ukurasa wa kila mfumo, si idadi ya kompyuta zinazoutumia. Flathub, duka la mtandaoni la programu za Linux, nayo huonyesha mara ambazo programu imepakuliwa kupitia kwake. Aliyeipata programu hiyo hiyo kwa apt, amri ya kusakinisha ya Debian na Ubuntu, hayumo.

Hata hivyo, sidharau wingi wa watu. Kwa barua fupi napenda wepesi wa AbiWord, programu ndogo ya kuandikia, lakini nyaraka ndefu zote naziandika kwa LibreOffice, yenye watumiaji wengi zaidi, kwa sababu usiku jedwali linapovurugika ninahitaji mtu aliyewahi kukutana na tatizo lile lile na kuandika jinsi alivyolitatua, na watu wa aina hiyo hupatikana kwa urahisi pale penye watumiaji wengi. Kwa kazi ambayo kukwama kwake kuna hasara, umaarufu ni sababu nzuri ya kuchagua. Kwa kusikiliza muziki, hasara yenyewe ni ndogo, nami huangalia kwanza tarehe ya toleo la mwisho, kisha kama naweza kuondoka na vitu vyangu. Programu ninayotumia sasa iko chini sana kwenye orodha, lakini huandika nyota ndani ya faili la wimbo lenyewe.