Kamati imevunjwa, salio langu nalidai kwa nani?

Swali: Dada, shikamoo. Mimi ni mpiga video wa kujitegemea hapa Kigoma mjini, nakaa Mwanga. Nina kamera moja, kompyuta, na mdogo wangu anayenishikia taa. Nilichukua harusi ya Ujiji kwa shilingi 900,000. Nikapewa 300,000, nikashuti sendofu, ndoa na ukumbini, nikaediti, nikapeleka flashi. Tangu hapo hii ni wiki ya saba nabadilisha tu. Bwana harusi anataka wimbo mwingine, mama yake anataka shangazi mmoja apunguzwe, mwenyekiti wa kamati analalamika hotuba yake imekatwa. Nikiuliza salio naambiwa "malizia kwanza". Sasa wanataka na picha ghafi zote, yaani video yote niliyorekodi kabla ya kuikata. Huku nako nina shirika linalonipeleka Kasulu kwa filamu ya dakika kumi. Ofisa wao ananipigia saa tano usiku, na kila siku anaongeza mtu wa kuhojiwa kwa bei ileile. Niweke mipaka vipi bila kuonekana nimeanza kuringa? Mji wenyewe mdogo huu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo flashi, maana ndiyo iliyokuponza. Siku uliyowapelekea video safi, ya ubora kamili, isiyo na nembo yako juu ya picha, huku 600,000 bado ziko kwao, uliacha kuwa mdai ukawa mwombaji. Harusi wameshaiona, majirani wameshaiona, dada yao wa Dar es Salaam ameshatumiwa. Haraka ya kukulipa itoke wapi?

Lakini flashi ni nusu ya tatizo. Soma tena barua yako uhesabu wanaokutuma: bwana harusi, mama yake, mwenyekiti. Watatu, na bado bibi harusi hajasema neno. Harusi zetu huendeshwa kwa michango, na aliyechanga hata 20,000 anajiona ana sauti kwenye video. Simlaumu. Mimi kwa miaka kumi na minne ya kazi hii, wateja wakorofi kwa tabia niliokutana nao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki walikuwa kundi la watu ambao hawajakubaliana wao kwa wao, wakaja kubishania kwenye kompyuta yangu. Kwa hiyo sharti la kwanza ninaloandika siku hizi, hata kabla ya bei, ni jina la msemaji. Mtu mmoja, namba moja ya simu. Maoni ya mwingine yeyote nayapokea kwa heshima na kumjibu: "Nimekusikia mama, mwambie fulani aliweke kwenye orodha yake." Hakuna aliyewahi kununa kwa jibu hilo.

Sasa ya Ujiji. Kesho mwandikie bwana harusi peke yake, kwa maneno kama haya:

"Habari za nyumbani, kaka. Nimepokea maoni kutoka pande tatu na baadhi yanapingana. Naomba uyakusanye wewe mwenyewe, uniletee orodha moja yenye dakika na sekunde za kila sehemu, kufikia Ijumaa. Nitayafanyia kazi kwa mara moja ya mwisho. Toleo hilo utalikagua likiwa na nembo yangu katikati. Salio la 600,000 likishaingia, ndani ya siku mbili unapata toleo safi."

Zingatia hizo dakika na sekunde. Mtu akiambiwa aandike "dakika ya 14, sekunde ya 20, ondoa hiki", nusu ya malalamiko huyeyuka, kwa sababu inabidi akae aiangalie video kweli. Anayesema "haijakaa vizuri, ichangamshe kidogo" hajakupa kazi, amekupa hali yake ya moyoni.

Orodha ikija, tenganisha kosa na wazo jipya. Hotuba ya mwenyekiti irudishe bure, tena haraka. Mzee wa watu kahangaika miezi kukusanya ahadi za watu, halafu wewe umemkata katikati ya sentensi. Hilo kosa ni lako. Wimbo ni wazo jipya, na una bei. Watu hudhani kubadilisha wimbo ni kubofya mara moja. Waeleze kwamba picha zote za kipande kile zimekatwa kufuata mdundo wa wimbo wa kwanza, ukiuondoa unakata upya tangu mwanzo. Waeleze pia kwamba wimbo wa msanii maarufu wakiuweka YouTube wenye haki wanaweza kuudai, na video ikanyamazishwa sauti au kuzuiwa. Shangazi usimguse mpaka bwana na bibi harusi wote wawili wakuandikie. Ugomvi wa ukoo haurekebishwi kwa mkasi wa kompyuta, na siku wakipatana, aliyemfuta shangazi utakuwa wewe.

Wakikaa kimya na flashi yao? Makubaliano ya mdomo kwa sheria yetu ya mikataba ni mkataba pia, ilimradi yawe ya hiari na ya jambo halali. Meseji zenu za WhatsApp na ile ya kupokea 300,000 ni ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua. Usifute hata moja. Deni la namna hii Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza. Ila kabla ya hakimu kuna mshenga. Yule aliyebeba posa bado anaheshimika pande zote mbili, na hapendi kusikia ndoa aliyoisimamia ina deni mtaani. Mimi mara mbili nimelipwa kwa njia ya mshenga, bila kupandisha sauti.

Kwa harusi zijazo, iweke kichwani siku moja: ya kuvunja kamati. Kabla ya siku hiyo kuna mhazini, kuna daftari, kuna pesa. Baada ya pale mhazini anarudi kuwa jirani yako tu, na maharusi wanaanza maisha na kodi ya nyumba. Deni lako halina tena mwenyewe. Mgawanyo wangu kwa kazi ya 900,000 ni huu: 450,000 kufunga tarehe, na bila hizo tarehe iko wazi kwa mwingine; 360,000 siku tatu kabla ya harusi, mhazini akiwa anawalipa wapambaji na mpishi; 90,000 wakichukua mzigo. Hiyo asilimia kumi ya mwisho naiacha makusudi. Mteja naye anahitaji cha kushikilia, asije akahisi amenilipa nikamtoroka. Kwenye karatasi hiyohiyo, ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, naandika saa nitakazoshuti, urefu wa video, marekebisho mara mbili, na bei ya mara ya tatu.

Picha ghafi sasa, maana hapa wengi wetu hukataa kwa hasira bila kueleza. Kamera nyingi za sasa zikiwekwa kwenye 4K, ule ubora wa juu wa picha, hurekodi megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti 12.5, zidisha kwa sekunde 3,600: saa moja inakula gigabaiti 45. Ukiwa na saa sita za sendofu na harusi, hiyo ni gigabaiti 270. Mteja anayekuletea flashi ya gigabaiti 32 hajui anachoomba, na WhatsApp yenyewe haipokei faili linalozidi gigabaiti 2. Mweleze hesabu hiyo taratibu, mara nyingi anaishia hapohapo. Anayeendelea kutaka, mpe bei, aje na diski yake. Lakini pitia kwanza. Kwenye picha ghafi kuna bibi harusi akilia chumbani, kuna watu wanamsema mama mkwe bila kujua maiki iko hewani. Hayo ulikabidhiwa kwa imani, nami sehemu kama hizo naziondoa kabla sijanakili chochote.

Na andika utazitunza hadi lini. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafuta nikiona diski imejaa. Akaja binti mmoja, mwaka mzima baada ya sendofu yake, bibi yake amefariki. Alitaka sauti tu, bibi akimwombea dua mlangoni. Nilikuwa nimeshaifuta. Kisheria sikuwa na kosa, lakini bado namkumbuka alivyokaa pale kwenye benchi. Tangu hapo karatasi yangu inasema siku 90, na wiki moja kabla ya kufuta nampigia mteja. Ni simu ya dakika mbili.

Shirika ni mnyama mwingine. Ofisa wako hana nia mbaya; na yeye ana bosi, na bosi ana mfadhili aliye nchi ambayo saa tano yetu ya usiku bado ni mchana au jioni. Barua pepe ikiingia, hofu yake anakupigia wewe. Usipokee. Asubuhi saa mbili mwandikie: "Nimeona ulipiga jana. Niko kazini mpaka saa kumi na moja, karibu." Usieleze ulikuwa wapi wala usiombe radhi kwa kulala. Siku tatu za hivyo zinatosha. Mkiongea kwa simu jambo lolote la kazi, kata simu kisha andika: "Kama nilivyokuelewa, tunaongeza hiki na kile." Maneno ya simu yana tabia ya kubadilika njiani.

Mtu wa ziada wa kuhojiwa usimkatae, mtolee bei. Ofisa haoni gharama yake kwa sababu hujawahi kumwonyesha. Kasulu si Gungu hapo mjini: kuna gari, posho ya mdogo wako, pengine kulala. Mama wa kijijini akiongea Kiha, kuna kumtafuta mtafsiri, kuandika maneno yake yote, kuyaweka chini ya picha na kuyahakiki tena. Dakika moja ya mama huyo kwenye filamu inaweza kula siku nzima ya kazi. Weka yote hayo kwenye ankara ya nyongeza, mstari kwa mstari, utume siku hiyohiyo anapoomba, useme unaanza ikishaidhinishwa kwa maandishi. Utashangaa wahojiwa wangapi watakuwa hawana umuhimu tena.

Vibali viwe kazi ya shirika, na iandikwe hivyo. Hasa wakikuambia "tupite na Nyarugusu mara moja". Kambi ya wakimbizi haiingiwi na kamera kienyeji. Kibali kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, na atakayezuiwa getini ni wewe. Droni nayo ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mteja akisema "irushe tu, nani ataona", hapo sina bei, nina hapana. Halafu wakikata asilimia tano kwenye malipo yako usigombane nao, ni zuio la kodi kwenye huduma. Kwenye ankara ya 2,000,000 ni 100,000. Dai cheti chake ukitunze, kitakupunguzia kwenye kodi yako ya mwaka.

Kuhusu kuonekana unaringa. Mji mdogo unasambaza habari zote, hata ile ya kwamba kuna kijana wa Mwanga unaweza kumpa theluthi ya pesa na akakufanyia wiki saba. Nadhani hiyo ndiyo inayokuletea wateja ulio nao. Ndugu na majirani wapunguzie bei ukitaka, mimi napunguza sana, lakini iandike ionekane: bei 900,000, punguzo la ujirani 200,000, unalipa 700,000. Masharti hayapunguzwi hata kwa mjomba. Mjomba aliyeandikiwa punguzo hajisikii ameonewa akiambiwa marekebisho ni mara mbili.

Wa kumwacha kabisa ni anayemtukana mdogo wako anayeshika taa, maana huyo hata ukimwandikia kurasa kumi atarudia. Mrudishie pesa ya siku ambazo hujafanya kazi, umkabidhi ulichokwisha kushuti kama mlivyokubaliana, muagane salama. Kuna kazi moja niliirudisha hivyo nikiwa nadaiwa kodi ya chumba cha ofisi, na usiku ule nilijiona mjinga.

Ujumbe wa Ujiji usiutume leo ukiwa bado umekasirika. Uandike, ulale nao, uutume asubuhi watu wakishakunywa chai. Na ile filamu ya Kasulu, kama rasimu iko tayari, waonyeshe ikiwa na nembo katikati. Flashi ibaki mfukoni mwako.