Get: tazama neno linaloifuata

Kaka, unasema mgeni wa Kaole, yale magofu karibu na Bagamoyo, alikuchanganya kwa kutumia neno la Kiingereza get kwa maana nyingi. Hakufanya makusudi. Maana ya get hutegemea neno linaloifuata. Ikifuatwa na kitu, ni kupata, kununua au kuchukua: get a ticket. Ikifuatwa na sifa, hali inabadilika: get tired ni kuchoka, get wet kulowa. Mahali, ni kufika: get to Bagamoyo. Hapa wengi huteleza, wanasema get to home. Home, here na there hazitaki to kabisa. Kupanda basi ni get on, kushuka get off. Teksi ni get in na get out. Tofauti ni kwamba ndani ya basi unaweza kusimama na kutembea, ndani ya teksi huwezi. I get it: nimeelewa.